Fundi Makochi na Mrija wa Kulia

Mtaa mzima ulimwita Fundi. Makochi yaliyobonyea yaliingia bandani kwake yakiwa hoi, yakatoka yana sponji mpya na kitambaa kipya, utadhani yametoka dukani. Kazi ilimtii. Mwili wake ndio uliomgomea.

Kabla ya kuolewa aliwahi kuugua tumbo la chini. Akaona haya kwenda kupimwa, akawa anameza dawa za maumivu tu. Alipofikishwa hospitali, maambukizi yalikuwa yameshapanda hadi kwenye mirija ya uzazi. Alipona, lakini tangu hapo hedhi yake ikawa inakuja inapotaka. Ikichelewa, alianza kuota ndoto za nepi. Ikija, alijifungia bafuni na kufungulia maji ili mumewe asimsikie akilia.

Mumewe, kinyozi asiye na maneno mengi, alikuwa anamsikia.

Jumapili moja dada yake kinyozi alikuja kuwatembelea. Akamkagua Fundi tumbo.

"Wifi, mimi ushangazi nitaupata lini? Au tumtafutie kaka msaidizi?"

Fundi akainama. Kinyozi akaweka kikombe chini.

"Dada, swali hilo niulize mimi. Kesho tunakwenda kupimwa wote wawili, na mimi ndiye naanza."

Fundi mwenyewe ndiyo kwanza anasikia.

Majibu yalipotoka, daktari, mama wa makamo, aliwaeleza bila kuzunguka. "Baba hana tatizo. Mama, mrija wa kushoto umeziba kwa makovu. Wa kulia uko wazi. Ila mayai hayapevuki kwa wakati wake."

"Kwa hiyo kosa ni langu?"

"Kosa gani? Uliugua, ukapona. Mrija mmoja unatosha kujaribu." Akamwandikia vidonge vya kusaidia mayai kupevuka. "Ila ukishika mimba, uje mapema. Hata mrija ulio wazi unaweza kuwa na makovu, ukainasa mimba njiani, na hiyo ni hatari."

Mwezi wa kwanza, patupu. Wa pili, patupu. Uliofuata, kipimo kikatoa mistari miwili. Fundi hajamaliza hata kufurahi vizuri, wiki ya pili, siku ya kwenda kwa daktari bado haijafika, akiwa anagongelea kochi, maumivu yakamchoma chini ya tumbo, upande wa kulia. Nyundo ikamponyoka.

Kinyozi alipopigiwa simu, alimwacha mteja kanyolewa nusu kichwa. "Nitakuja kumalizia!" alipiga kelele akiwa ameshafika barabarani.

Hospitalini, daktari alipitisha kifaa juu ya tumbo, macho kwenye skrini. Fundi aliubana mkono wa mumewe mpaka vidole vya kinyozi vikafa ganzi.

"Imo ndani ya mfuko wa uzazi," daktari alisema. "Mahali pake kabisa. Na hicho kinachopepesa ni moyo."

"Na maumivu?" Fundi aliuliza.

"Ni kijifuko kilichoachwa na yai lilipotoka upande huo. Kitanywea chenyewe."

Fundi alicheka huku machozi yakimtiririkia masikioni. Kinyozi, yule bubu wa mtaa, akafungua mlango na kuwatangazia wagonjwa wote waliokaa kwenye benchi: "Imo mahali pake!" Hakuna aliyejua ni kitu gani, lakini walipiga makofi.

Palepale Fundi akampigia wifi yake. Wifi alipoisikia habari, akapiga kigelegele, kisha akashusha sauti. "Wifi yangu, nisamehe huu mdomo."

"Nimekusamehe, shangazi," Fundi akasema. "Jiandae kubeba."