Gunzi Lililozungushiwa Pamba

Haya aliniambia mama mkwe wangu, Rispa, mwaka aliofiwa na mumewe, tukiwa wawili tunapukuchua mahindi. Alishika gunzi mkononi, akaligeuzageuza, akaanza.

Ilikuwa mwaka hamsini na nne. Yeye ameolewa Kisaka. Jioni moja habari ikamfika kwamba mama yake amefariki kwao, ng'ambo ya Sirari, na wanamzika kesho saa tisa alasiri, hawangojei mtu.

Shemeji yake Joram alikuwa na gari kuukuu alilonunua kwa Mzungu mmoja wa machimbo. Kifuniko cha tundu la kutilia oili kilishapotea, akawa anaziba kwa gunzi. Alfajiri ya kumpeleka Rispa mazikoni, gunzi likawa linacheza tunduni. Rispa, kwa haraka ya kuondoka, akachomoa pamba kwenye gunia la mavuno yake, akalizungushia, likakaza kabisa.

"Shemeji, nitakuajiri," Joram akasema.

Maili kumi tu, mshale wa presha ya oili ukaanguka mpaka sifuri. Joram akazima, akachomoa kijiti cha kupimia. Oili imejaa. Akawasha, mshale ukapanda vizuri. Maili nne, ukaanguka tena.

"Geji yako ndiyo mbovu," Rispa akasema.

"Ingekuwa geji, isingepona kila tukisimama."

"Kumbe gari nalo linataka kupumzishwa kama maksai?"

Wakaenda hivyo, kwenda na kusimama, kila mara baada ya mwendo mfupi zaidi. Jua la utosini mshale ukalala tena. Joram akakanyaga breki. Rispa akamshika bega.

"Twende hivyo hivyo. Nikikuta wamefukia nitaona nini, udongo?"

Joram akaenda. Maili mbili mbele injini ikaanza kugonga kama chuma kinatwangwa kinuni, kisha ikanyamaza.

Akaingia chini ya gari, akamwaga oili kwenye sufuria, akafungua karai la oili chini ya injini. Alitoka ameshika chujio la pampu ya oili. Limevaa nyuzi nyeusi, nene kama manyoya ya kondoo.

"Injini ikivuta oili, hizi zinaziba. Ikizimwa, zinaachia." Akafuta uzi mmoja kwa vidole mpaka ukawa mweupe. Akamtazama Rispa.

"Sema tu, shemeji."

"Gunzi ni langu."

"Pamba ni yangu. Na wa kusema twende ni mimi. Ukisafisha, litaondoka?"

"Beringi zimekwisha. Za gari hili hata Tarime hazipo."

Akatafuta kitambaa cha kufutia mikono. Rispa akafungua furushi, akatoa shuka jipya jeupe la kumfunika mama yake. Joram akarudi nyuma.

"Hapana, dada. Hilo hapana."

"La nani sasa?" Akalichana mwenyewe.

Halikupita gari jingine. Saa tisa waliijua kwa kivuli. Joram alijilaza kando ya gurudumu, usingizi ukamchukua. Rispa akakaa kiti cha nyuma, ameelekea kwao, mpaka alipokadiria kwamba sasa wamemaliza kurudisha udongo. Ndipo akaegemeza kichwa mlangoni, akalala.