Siku Nne na Ng'ombe wa Nekbakht

Wiki ile Vendula alilifunga begi lake la mgongoni mara tatu, na mara tatu akalifungua. Mara ya kwanza tumbo lilimkataza. Ya pili gari halikuja. Ya tatu gari lilikuja, lakini limejaa viazi mpaka mlangoni. Siku iliyofuata alikaa juu ya begi lenyewe nje ya nyumba ya Nekbakht, mama aliyelaza wasafiri, akiapa kwamba leo hata akipakatwa na dereva ataondoka bonde la Wakhan.

Alikuwa na miezi ishirini na saba njiani. Alitoka kwao Brno, mji wa Wazungu, akapita Georgia, Irani, Pakistani, India na Nepali, kisha akapanda tena kaskazini. Mwanzoni aliandika kila alichokiona na kuwatumia watu wa kwao. Sasa alikuwa amechoshwa na kila alichokiona: vyoo vya kuchutama, magari yanayoondoka "sasa hivi" na kuondoka alasiri, kuulizwa mume yuko wapi. Lakini waliomchosha kupita wote ni wasafiri wenzake, ambao kila jioni walisimulia visa vile vile alivyokuwa navyo yeye, vya basi lililoharibika na vya kuhara.

Gari lilifika saa nne asubuhi likiwa na nafasi moja. Vendula alikuwa ameshalinyanyua begi, mara Nekbakht akatoka ndani mbio, kiatu cha mguu huu si cha mwenzake, simu mkononi.

"Binti yangu Shahlo kashikwa na uchungu," alisema kwa Kirusi, lugha ambayo wote wawili waliizungumza kwa kuchechemea. "Huko mjini Ishkoshim. Mwanangu, nipe hicho kiti."

Nani angemnyima kiti mwanamke anayekwenda kumpokea mjukuu wa kwanza? Vendula akalishusha begi.

"Ng'ombe mkame asubuhi na jioni," Nekbakht akasema akijipenyeza garini. "Wageni wakija wape chai na pa kulala. Kesho nimerudi."

"Mama, mimi sijawahi kukama hata mbuzi."

"Siku tisa umekula siagi yangu. Ulidhani inatoka dukani?"

Mlango ukafungwa. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Vendula wamemvumilia mpaka ya kumi, naye amepewa ndoo.

Jioni ile ng'ombe alimwacha akae, akamwacha aanze, kisha akaipiga ndoo teke la taratibu, kama mtu anayesukuma mlango. Davlatmo, jirani mjane, alikuwa ameegemea ukuta wa mawe, ametazama tangu mwanzo.

"Hakujui huyo," alisema. "Vaa koti la mwenyewe na kitambaa chake. Wewe unanuka sabuni."

"Mbona hukuniambia mapema?"

"Nilitaka nione."

Vendula akavaa koti la Nekbakht, zito kwa moshi na zizi, akajifunga kitambaa mpaka kwenye nyusi. Ng'ombe akatoa nusu ndoo, shingo upande.

Kesho ikaja, Nekbakht hakuja. Alipiga simu kusema uchungu umetulia na atarudi kesho yake. Vendula akaunguza sufuria, akamwaga unga, akapambana na jiko la chuma lililokataa kupeleka moshi juu na kuupeleka machoni mwake. Jioni ya siku ya pili, akiwa na masizi mpaka masikioni, wakaingia uani wasafiri wawili: Rutger, Mholanzi mrefu mwenye ndevu, na Ines, binti wa Kihispania aliyekutana naye njiani, mwezi wake wa kwanza ugenini.

Rutger alimpiga picha kabla ya kumsalimu. Kisha akaweka viganja shavuni na kusema kwa Kiingereza cha kumwambia kiziwi, "Sisi. Kulala. Hapa?"

Vendula alifumbua kinywa amjibu, akakifumba. Angejibu, swali la pili lingekuwa ametembea nchi ngapi, na nguvu ya swali hilo hakuwa nayo. Akawaonyesha chumba kwa kidole.

Baada ya kula, Rutger alijinyoosha juu ya magodoro akawa anamfundisha Ines dunia. "Watu hawa hawana kitu," alisema, "lakini watazame walivyo na furaha. Huyu mama, kwa mfano. Hana haraka na maisha."

Huyu mama alikuwa amechuchumaa nyuma ya jiko akisugua sufuria kwa majivu, mgongo ukimuuma, akitamani kuwa popote pengine. Lakini kilichomchoma si ujinga wa Rutger. Sentensi ile ilikuwa yake. Aliiandika mwezi wa pili wa safari, kijijini Nepali, karibu neno kwa neno, na watu wa kwao wakamsifu sana. Akajaribu kumkumbuka mwanamke ambaye sentensi ile ilimhusu. Alikumbuka hereni nyekundu. Jina hakulikumbuka, kwa sababu hakuwahi kumuuliza.

Asubuhi alipotoka kukama alikuta bomba la jiko linafoka moshi kama tanuri la matofali. Akachungulia ghalani. Rundo la samadi kavu, kuni za majira ya baridi ambazo Nekbakht alianza kuziokota tangu majani yaote, lilikuwa limeliwa pembe nzima. Ndani, Rutger alikuwa ameoga mara mbili, na viatu vyake vilikuwa juu ya jiko vikikaushwa.

"Umechoma samadi ya wiki mbili ili ukaushe viatu," Vendula akasema.

Kijiko kilimponyoka Rutger. "Unajua Kiingereza?"

"Natoka Brno."

Ines akajiziba mdomo, mabega yakimtetemeka.

"Sasa kwa nini hukusema?"

"Hukuniuliza. Ulipiga picha."

Rutger alikuwa mwekundu, lakini hakukubali kushindwa. "Lakini si ni mavi ya ng'ombe tu?"

"Ndiyo. Yamejaa huko mlimani. Kapu lile pale."

Waliondoka wote wawili na kapu, na Vendula kwa mara ya kwanza tangu Nekbakht aondoke akanywa chai yake ikiwa ya moto. Alingoja warudi wamenywea. Wakarudi jioni, kapu limejaa, Rutger amebabuka pua na meno yote nje.

"Hii ndiyo siku bora ya safari yangu nzima," alisema. "Maisha halisi kama haya huyapati popote. Kesho twende tena?"

Vendula alilipokea kapu. Alimpa adhabu, yeye kaipokea kama zawadi. Davlatmo akauliza kijana anasemaje, akatafsiriwa.

"Mwambie hata ghala langu ni tupu," alisema Davlatmo.

Kesho yake Rutger akamjazia ghala mjane, akipiga picha kila kapu.

Nekbakht alirudi siku ya nne. Mtoto ni wa kike, mzima, na mama yake mzima. "Pua ni ya baba yake," alisema, "lakini tutampenda hivyo hivyo." Kisha akazunguka nyumba. "Ng'ombe kakonda. Na hii sufuria?"

"Mimi, Mama."

"Nilijua." Akaketi, akapewa chai ya maziwa. "Chumvi imezidi," akasema, akanyoosha bakuli aongezwe.

Vendula alivua koti. "Mama, hivi wageni wote tuko namna hii?"

"Wewe siku ya kwanza ulipiga picha choo changu," Nekbakht akasema. "Nikadhani unakwenda kunishtaki."

Gari la kwenda Khorog lilipatikana asubuhi iliyofuata. Vendula alikaa katikati ya magunia ya vitunguu, na saa zote tisa hakutoa kamera. Mjini alimpigia simu dada yake, Blanka, akamwambia anarudi nyumbani.

"Lini?"

"Wiki ijayo."

"Ulisema hivyo ukiwa Lahore. Ukasema tena ukiwa Pokhara."

"Safari hii ni kweli. Nimechoka, Blanka. Nimejifunza kukama."

"Kukama nini?" Blanka hakungoja ajibiwe. "Sikiliza, chumba chako kina baiskeli za watoto. Nitaziondoa nikikuona mlangoni, si kabla."

Vendula alikubali kwamba dada yake ana haki ya kutomwamini. Kisha akaenda kupanga foleni ya tiketi ya ndege ya Dushanbe, nyuma ya kijana mwenye begi kubwa la mgongoni, aliyegeuka, akatabasamu, akamuuliza yeye ametembea nchi ngapi.