Miguu Iko Besmenti

Jumapili baada ya misa, Euphrasia alizungusha birika na beseni sebuleni kwa Baba Mkubwa Silvanus, huko Landover, Marekani, akawanawisha wakubwa mikono. Pilau ilipokwisha, Baba Mkubwa alijifuta mdomo akatangaza, "Haya, kikao kinaanza. Watoto wote besmenti."

Euphrasia akateremka na watoto kwenye chumba kile cha chini ya nyumba. Alikuwa na miaka thelathini na minane, akifanya kazi katika maabara ya hospitali, lakini hakuwa ameolewa, na katika ukoo ule mtu huwa mtu mzima siku ya ndoa yake. Mdogo wake Leonard, ambaye hadi leo hupiga simu kuuliza wali unatiwa maji kiasi gani, alikuwa na mke, kwa hiyo alibaki juu kwenye kochi.

Kikao kilikuwa cha kuamua mama yao, Benadetha, akae wapi. Leonard na mkewe Audrey walikuwa wamepata mapacha kule Springfield, na ghafla wakakumbuka kwamba mama mzazi hutunzwa na mwanawe wa kiume. Mama mwenyewe alitaka kubaki Hyattsville kwa Euphrasia, penye kwaya yake, basi linalosimama karibu na mlango, na mchicha wake kibarazani. Alilisema hilo kila jioni. Ila mbele ya shemeji zake mjane yule hakuwa na kauli zaidi ya "mtakavyoona, wazee wangu." Tegemeo lake lote lilikuwa Euphrasia, na Euphrasia alikuwa besmenti akitazama katuni.

Siku hizo alikuwa akimsomea Mama riwaya ya Kitaliano. Kitaliano alikipata kwa masista wa bweni, Iringa, na alikigeuza Kiswahili papo kwa papo huku Mama akichambua mchicha. Ilikuwa riwaya ya kejeli, juu ya kijana wa mji wa mlimani ambaye kila mkubwa alipomwambia "utaelewa ukikua," alirefuka shibiri moja. Meya alimwambia, padri alimwambia, hata kinyozi. Kufikia katikati ya kitabu alikuwa akitazamana ana kwa ana na njiwa wa mnara wa kanisa, na bado alikula na watoto. Mama alicheka mpaka akatupa majani akabakiza mashina.

Jumapili ile Euphrasia alipanda ngazi akasimama mlangoni.

"Shikamooni. Naomba kusema neno kuhusu Mama."

"Marahaba. Utaelewa ukikua, mwanangu," alisema Baba Mkubwa, bila ubaya wowote.

Euphrasia akarefuka shibiri moja. Audrey akamwomba, maadamu yuko pale, amshushie sufuria lililo juu ya kabati.

"Dada, usi-complicate mambo," alisema Leonard. Hilo halikumrefusha.

Kikao kiliahirishwa. Katikati ya wiki Euphrasia alimpigia Baba Mkubwa simu, akapiga tena, na kila simu ikawa shibiri. Hospitali ilimtafutia koti refu zaidi. Dereva wa basi alimshauri atembee, na kweli akaona anawahi.

"Ya Waitaliano yametufikia," alisema Mama, akamshonea sketi kwa mapazia.

Kikao kiliporudi, Euphrasia alitumwa besmenti kama kawaida. Akaenda. Aliposimama wima, kichwa chake kilitokeza kwenye uwazi wa ngazi, kikawa sebuleni, usawa wa magoti ya wazee.

"Auntie, we can't see the TV," watoto walilalamika kutoka chini.

Leonard aliuliza kama hii si kuvunja utaratibu. Baba Mkubwa alikuwa amestaafu ubalozini, na utaratibu aliuheshimu kuliko chakula.

"Miguu iko wapi?"

"Besmenti, Baba Mkubwa," alijibu Euphrasia.

"Basi yuko besmenti. Tuendelee."

"Mama hataki kuhamia Springfield," alisema Euphrasia. Moyo ulimdunda hadi vikombe vikatetemeka mezani. "Anataka kubaki Hyattsville, kwangu. Mwulizeni."

"Shemeji, ni kweli?"

Mama alimtazama bintiye kwa mapenzi makubwa, kisha akatazama zulia.

"Mtakavyoona, wazee wangu."

Wakaona Springfield. Euphrasia hakumlaumu Mama. Baba Mkubwa alimpapasa nywele akamwambia ataelewa akikua, na hapo ikabidi atolewe kwa mlango wa nyuma, bega moja baada ya jingine. Tangu siku hiyo alilala kwenye bohari moja pale Landover. Mlinzi wake, Mkenya aitwaye Ochieng, alimfungulia lango kubwa la malori. "Ingia tu, sister," alimwambia. "Hapa space si shida."

Kila alipopiga simu kumwombea Mama, wazee walimjibu yale yale, naye akazidi kurefuka. Kila jioni alivuka mto Potomac bila kulowesha magoti, akaangalia kulia na kushoto kwenye makutano ya barabara za Springfield, akaruka magari, akamsomea Mama dirishani ghorofani. Mama alisikiliza na pacha mmoja kila paja. Ilikuwa raha kubwa, na majirani walizoea.

Mapacha walipobatizwa, sherehe ilikuwa kwa Leonard, na Euphrasia ndiye aliyetundika maputo, hadi juu ya paa. "Mtoto mzuri huyu," alisema Baba Mkubwa akimwelekeza kutoka chini. Kisha Euphrasia akapiga magoti uani, akamsomea Mama ukurasa wa mwisho. Kijana wa riwaya alipewa kazi ya kupiga kengele ya kanisa kwa kidole, kuwaita wakubwa mezani.

"Na yeye akala na nani?" aliuliza Mama.

"Na watoto."

Mama akasonya. Audrey alikuwa ameleta dirishani sahani ya Euphrasia, ya plastiki, bila pilipili, kwa sababu watoto hawali pilipili. Mama aliichukua akaila mwenyewe. Yake ya udongo, yenye pilipili mbili nzima, akampa bintiye.

Chini Baba Mkubwa aligonga glasi kwa kijiko. "Haya, kikao kinaanza. Watoto wote besmenti."

Euphrasia alilelewa vizuri. Aliutafuta mlango wa besmenti unaofungukia uani, akaingiza humo kidole gumba cha mguu, akaendelea kula.