Balozi wa Pini Sitini na Tatu

Katika nyumba ile palikuwa na sheria nne tu, na zote zilihusu gari. Ya kwanza, hakuna kuliegemea. Ya pili, hakuna kupumulia vioo vyake. Ya tatu, anayepanda avue viatu. Ya nne, likiwapo wingu, hata lenye ukubwa wa leso, gari halitoki. Na kwa kuwa mbingu za mji ule hazikukosa wingu la ukubwa wa leso, gari lilikuwa halijavuka geti tangu lilipokamilika kutengenezwa, miaka miwili iliyopita.

Mtunga sheria alikuwa mwalimu mstaafu wa hisabati. Vizazi vya wanafunzi vilimwita Kipeuo, maana hakupata kukutana na namba asitake kujua kipeuo chake cha pili, na jina lilimfuata hadi kwenye pensheni. Alikuwa na tabia ya kufunga kila hoja kwa maneno "hivyo basi, imethibitika," hata alipokuwa anaeleza kwa nini chai imepoa.

Gari lenyewe, tuseme kweli, lilistahili heshima. Lilikuwa la Kijerumani, la kispoti, la viti viwili, refu mbele na fupi nyuma, rangi ya maziwa, lenye paa la turubai linalokunjwa nyuma ya viti kama mwavuli. Kipeuo alilinunua likiwa banda la kuku. Si mfano. Mfuga kuku aliyemuuzia alikuwa ameliweka juu ya matofali, na tetea wanne walikuwa wakiatamia kwenye kiti cha dereva. Kwa miaka tisa Kipeuo alikwangua kutu, akapiga msasa, akapaka rangi, akasafisha kabureta kwa mswaki ambao mkewe alikuwa akiutafuta bafuni. Mke huyo, karani wa posta mstaafu, alimuunga mkono kwa namna yake. Siku injini ilipowaka kwa mara ya kwanza alitoka jikoni, akasikiliza kidogo, akasema, "Kumbe linakohoa kama wewe."

Sasa lilibaki jambo moja. Chama cha wenye magari ya kale kilitoa cheti, pamoja na kibati cha shaba cha kubandika kwenye dashibodi. Gari lenye kibati ni gari la kale. Lisilo nacho ni gari kuukuu. Kipeuo hakuwa tayari kuingia kaburini akiwa mwenye gari kuukuu. Lakini fomu ya chama ilidai historia ya umiliki isiyo na pengo, kila mmiliki na ushahidi wake, na mkaguzi angefika Jumamosi saa nne asubuhi. Ukaguzi mwingine ungekuwa baada ya miaka mitano. Kipeuo alikuwa na miaka sabini na moja, na kujumlisha alikujua.

Wamiliki walikuwa watano. Wa kwanza, daktari wa meno, ndiye aliyeliagiza likiwa jipya. Wa tatu alikuwa mpiga tarumbeta, wa nne mfuga kuku, wa tano yeye. Wa pili, aliyekaa nalo miaka minne, alikuwa tundu. Jina lake lilikuwa limeandikwa kwenye kadi ya gari, lakini ukurasa ule kuku waliudonoa hadi ukawa kama chujio la chai.

Mtu mwingine angeulizauliza. Kipeuo alikaa chini, akathibitisha. Alipong'oa viti alikuwa amekuta vielelezo, akavitia katika makopo ya jamu yenye lebo. Kopo la kwanza, pini sitini na tatu. Kopo la pili, uzi mweupe wa hariri. Kielelezo cha tatu hakikuingia koponi, kwani kilikuwa alama ya kuungua kwenye mbao za dashibodi. Pini hubana nyaraka. Hariri nyeupe hutoka kwenye glavu za sherehe. Na ni nani awezaye kuegesha sigara nene juu ya mbao za thamani bila kumwogopa mtu? Mmiliki wa pili alikuwa balozi. Hivyo basi, imethibitika.

Kadiri miaka ilivyopita, balozi naye akawa anakua. Mwanzo alikuwa balozi mtupu. Kisha akapata sharubu. Kufikia mwaka wa saba alikuwa amesuluhisha vita viwili, vyote kwa gari lile. Kipeuo aliposhona ngozi mpya ya viti, aliacha ndani sponji ileile ya zamani, kwa kuwa ilikaliwa na mheshimiwa. Jambo moja tu lilimkera. Sitini na tatu haina kipeuo kamili.

"Na huyo balozi wako, mkaguzi akitaka ushahidi?" mkewe alimuuliza Jumatatu.

"Nina vielelezo."

"Pini."

"Pini, uzi na alama."

"Mwalimu, ukimwonyesha pini zile atadhani umefungua duka la cherehani."

Kipeuo alimtazama kama alivyozoea kuwatazama wanafunzi waliogawanya kwa sifuri. Mkewe alichukua kalamu, akaandika tangazo chini ya picha ya gari: aliyewahi kumiliki gari hili, au anayemjua, afike nyumba fulani. Akalibandika ubaoni pale posta, ambako mwandiko wake ulikuwa bado unaogopwa.

Ijumaa saa tisa alasiri hodi ikabishwa. Mlangoni alisimama bibi mwembamba wa miaka karibu tisini, mkoba mkononi, na shingoni utepe wa kupimia nguo, aliouvaa kama daktari avaavyo kipimo chake.

"Shikamoo, mama," alisema Kipeuo.

"Marahaba, mwanangu. Liko wapi?"

"Lipi, mama?"

"Gari langu."

Kabla Kipeuo hajamsomea sheria ya kwanza, bibi alikuwa gereji. Alilizunguka gari taratibu, akafika nyuma, akalipiga buti kwa nyonga, pap, nalo likafunguka. Kwa miaka miwili Kipeuo alikuwa akilifungua buti lile kwa bisibisi na sala.

"Hapo ndipo linapotekenyeka," alieleza bibi.

Mke wa Kipeuo akaenda kumletea kiti, na alichelewa kidogo, maana alihitaji kucheka kwanza.

Bibi alikuwa fundi cherehani wa magauni ya harusi. Gari alilinunua kwa daktari wa meno, na hakulinunua kwa maringo. "Gauni la harusi halikunjwi," alisema. "Ukilikunja utalipiga pasi hadi bibi harusi azeeke. Na ndani ya gari lenye paa haliingii likiwa wima. Basi mimi nililivalisha sanamu langu la kushonea, lile lisilo na kichwa, nikalisimamisha pale kwenye kiti cha pili, nikalifunga kamba kiunoni, tukaenda. Watoto walikimbia. Mlevi mmoja aliacha pombe."

Akatoa picha mkobani. Gari lilikuwa lile lile, hata namba zilisomeka. Kwenye usukani alikuwapo msichana mwenye miwani ya jua, na kando yake bibi harusi mwenye kila kitu isipokuwa kichwa.

"Na hii?" Kipeuo aliuliza kwa sauti ndogo, akionyesha alama ya dashibodi.

"Pasi ya makaa. Nilikuwa nawahi harusi, ikateleza."

Kipeuo aliinama, akaitazama alama ile. Ilikuwa na pembe tatu. Alikuwa amefundisha pembetatu kwa miaka thelathini na minne, za kila namna, na kwa miaka kumi na moja aliitazama hii akaona sigara. Wageni alikuwa akiwaambia kwamba balozi aliiegesha mara tatu.

"Sigara ya pembe tatu," alisema mkewe, akiukagua ukuta kwa makini. "Mabalozi wana mambo."

Na hivyo ndivyo balozi alivyofariki, gereji, siku ya Ijumaa, bila hotuba. Kipeuo aliinamisha kichwa, kama ilivyo heshima, kisha akaleta fomu na kalamu. Lolote liwalo, pengo lilikuwa limepata mtu, na mtu alikuwa na picha.

Bibi alivaa miwani, akasoma mstari kwa mstari. Alipofika kwenye safu ya matumizi akasimama.

"Daktari, kwendea wagonjwa. Mimi, nitaandika magauni. Tarumbeta. Mayai. Sote tuna kitu. Hapa kwako mbona peupe?"

"Mimi nalitunza, mama."

"Hiyo ni kazi ya mlinzi."

"Andika kulifuta vumbi," mkewe alishauri.

Bibi akaifunga kalamu. "Mimi sisaini karatasi yenye tundu. Nimekuja kwa miguu na goti langu ni bovu. Nirudishe kwangu kwa gari hili, nitasaini mezani pangu."

Kipeuo alitazama juu. Wingu la siku ile halikuwa leso. Lilikuwa blanketi la watu wawili.

"Kuna wingu, mama."

"Naliona."

"Nikuitie teksi?"

"Mwitie mkaguzi."

Kipeuo alimtazama mkewe. Mkewe alikuwa ameshafungua geti.

Kipeuo alitoka, bibi kando yake, kwa mwendo wa jeneza. Mwanamke mwenye ndoo kichwani aliwapita, akawasalimia, akapotea mbele. Gia ya pili ilimshinda, ya tatu hakuithubutu. Walipofika mzunguko wa barabara, tone la kwanza likatua juu ya boneti, nalo halikuja peke yake. Kipeuo akasimama, akarukia turubai. Hakuwahi kulinyanyua tangu alipolifunga, asije akalitia mikunjo, na sasa lilipanda hadi nusu, likagoma.

"Liache," alisema bibi, maji yakimchuruzika kwenye utepe. "Kanyaga mafuta. Ukienda kasi mvua inapita juu ya vichwa."

Kipeuo alitaka kubisha, lakini akili yake ilishaanza kazi bila ruhusa. Kasi ya tone. Ulalo wa kioo cha mbele. Pembe iliyotakiwa. Akakokotoa huku kope zikitiririka maji, na kwa mara ya kwanza maishani mwake hesabu ikamwambia aongeze mwendo. Akaingiza gia ya tatu, kisha ya nne. Gari likaacha kukohoa, likaimba, likaruka mashimo mawili, na mvua, kwa utiifu wa mwanafunzi wa mstari wa mbele, ikapita juu yao. Walimpita mwanamke mwenye ndoo. Bibi alimpungia mkono.

Alisaini mezani pake, kwa mwandiko ulionyooka kama mshono. Kipeuo akamkabidhi kopo la pini. Bibi akazihesabu kwa ncha ya kidole.

"Moja haipo. Fundi huhesabu pini zake kila jioni, maana ile iliyopotea atakuja kuipata bibi harusi. Siku kisanduku kilipomwagika ndani ya gari zilipotea sitini na nne."

"Sitini na nne," alirudia Kipeuo, na uso wake ukang'aa kuliko boneti. "Nane mara nane."

Jumamosi saa nne mkaguzi alilikuta gari lina matope hadi milangoni. Kipeuo alikuwa amekataa lisioshwe, akisema ni ushahidi. Mkaguzi, mtu mnene mwenye ubao wa kuandikia, alisoma fomu. Kwenye matumizi ya mmiliki wa tano paliandikwa: "Kumrudisha fundi nyumbani. Mvua ilinyesha."

"Na huyu wa pili?"

"Fundi cherehani," alijibu Kipeuo bila hata kukohoa. "Magauni ya harusi. Picha hiyo."

Mkaguzi aliitazama picha, akaitazama tena, akaamua kutouliza kuhusu kichwa. Akavua viatu kama alivyoombwa, akajitupa kwenye kiti cha pili. Akainuka kwa kasi isiyolingana na umbo lake. Mashimo ya jana yalikuwa yameifukunyua ile sponji ya mheshimiwa, na kitu chembamba, chenye kutu kidogo, kilikuwa kimesimama wima katikati ya ngozi.

Kipeuo hakuomba radhi. Alikichomoa kwa vidole viwili, akakiinua kwenye mwanga.

"Ya sitini na nne," alisema.

"Hivyo basi," alisema mkewe, aliyekuwa amesimama kando, viatu miguuni, ameegemea mlango wa gari.

Mkaguzi alitia saini akiwa amesimama.