Mkono wa Shangazi Raheli

Agatha alishuka Kilosa na mabegi mawili matupu, na kila aliyepanda naye gari kutoka Mikumi alikwishajua ni ya nini. Anakwenda kumchukua shangazi yake. Chumba keshakipaka rangi, kitanda keshanunua, na mtaa mzima umeahidiwa pilau siku bibi atakapoingia. Habari zilikuwa zimemfikia kwa midomo mitatu tofauti, kila mmoja ukiongeza chumvi yake: eti Shangazi Raheli akili zimeanza kumruka, kila treni ikipita anatoka barazani, anainua mkono, anamsubiri marehemu.

Marehemu mwenyewe ni mzee Lukasi, aliyekuwa akigeuza njia za treni pale stesheni ya zamani mpaka alipostaafu. Alimwachia mkewe nyumba ya matofali ya kuchoma nyuma ya kota za reli, karibu kiasi kwamba treni ya mizigo ikipita, vikombe vinasemezana kabatini.

Agatha akaamkia, akaitikiwa marahaba, akaketi kumpeleleza shangazi yake kijanjajanja. Wazimu hakuuona. Maharage yalikuwa na chumvi ya kutosha, na bibi aliuliza habari za watoto wa Agatha mmoja mmoja, kwa majina na kwa miji walikohamia. Hata hivyo Agatha hakuja kula maharage. Wangali wakila, akaitoa hoja yake.

"Shangazi, hapa uko peke yako. Siku ukianguka humu ndani, nani atajua?"

King'ora kikasikika kwa mbali upande wa stesheni. Raheli akaweka kijiko chini, akajiinua kwa kushika meza. Agatha akamdaka mkono.

"Kaa ule, shangazi. Mzee Lukasi hayumo kwenye hiyo treni."

Bibi akamtazama kama mtu aliyetukanwa kwa lugha asiyoijua, kisha akakaa, akakishika tena kijiko. Treni ikapita, vikombe vikasemezana. Halafu honi ikalia, ndefu, kama mtu anayeita mlangoni na haitikiwi. Ikalia tena.

"Haya," Raheli akasema. "Umeona ulichokifanya?"

Agatha hakuwahi hata kuuliza. Jirani, Yusrah, aliingia bila hodi, kanga moja kiunoni na nyingine kichwani, kilio kikiwa kimeshaanza. Nyuma yake Hezekia, fundi seremala wa nyumba ya pili, amebeba benchi la waombolezaji. Huko uani mtu alikuwa akipiga simu, anaeleza kwamba ndiyo, Bi Raheli, hivi hivi tu, jana alikuwa mzima. Yusrah alipomwona marehemu ameshika kijiko, kilio kikamgeukia hasira.

"Bibi, kumbe unakula?"

Ndipo Agatha akaelezwa, na watu wanne kwa mpigo. Watu wa reli, treni ikipita, hutoka nje na kuitazama kuanzia kichwa mpaka behewa la mwisho: magurudumu, milango, mizigo. Ikiwa salama, unamwonyesha dereva mkono. Lukasi alimfundisha mkewe, wakawa wanapokezana, na alipofariki Raheli akaendelea. Madereva nao wakiachiana zamu huambizana kwamba Kilosa kuna bibi wa barazani. Leo mkono haukuonekana, dereva akaita kwa honi, na majirani wakajua bibi amekufa. Hakuna aliyekuwa akimsubiri mfu yeyote.

"Ndiye wewe wa Mikumi uliyekuja kumhamisha?" Yusrah akauliza, akimpima Agatha kwa macho toka juu mpaka chini. Hezekia yeye aliketi kwenye benchi lake mwenyewe, akataka kujua kama chai ipo, kwa sababu chakula chake alikiacha mezani kwa ajili ya msiba huu.

Hakuna aliyeondoka. Maharage hayakutosha, Agatha akaingia jikoni kusonga ugali wa sufuria kubwa, ambao hakuwa ameusonga tangu mtoto wake wa mwisho aondoke nyumbani. Kule barazani walikuwa wakigombania nani aliyeanza kulia. Akajikuta anacheka peke yake na mwiko mkononi.

Shangazi akaja kusimama mlangoni mwa jiko.

"Agatha. Na wewe huko Mikumi, asubuhi usipotoka nje, nani atapiga honi?"

Agatha akageuza ugali. Watu anao, tena wengi, kutwa nzima kwenye banda lake la chapati wanacheka naye na kupeana umbea. Lakini jioni wanakwenda kwao. Kushoto kwake ni nyumba ya wageni, sura mpya kila siku. Kulia ni ghala lenye kufuli. Akakikumbuka kile chumba alichokipaka rangi, na kwa mara ya kwanza akajiuliza kilikuwa kwa faida ya nani.

Jioni, majirani wamesharudi kwao na Agatha yuko jikoni tena, king'ora kikasikika. Mabegi bado yalikuwa palepale mlangoni, matupu.

"Nenda wewe," Raheli akasema. "Mimi miguu inaniuma."

Agatha akatoka na unga mikononi. Akatazama magurudumu, ingawa hakujua anatafuta nini, akainua kiganja. Dereva, kwa kumwona mwanamke mnene asiyemfahamu, alisita kidogo, kisha akagusa honi, fupi. Behewa la mwisho likapita, likapotelea kwenye kona, na yeye bado mkono uko juu, mpaka Yusrah alipomwambia kutoka uani kwake kwamba sasa yatosha, aende ndani, sufuria inaungua.