Doa la Juisi kwenye Kochi la Bibi

Kwa miezi saba niliyokaa kwao sikugombezwa hata siku moja, na jambo hilo lilinikosesha raha. Huko kwetu mtoto asiyegombezwa ama ni mgonjwa, ama kesho anasafiri. Mama yangu mzazi aliwahi kunifokea kwa simu, nami niko ng'ambo, kwa ajili ya taulo aliyoiona nyuma yangu kwenye picha, imetundikwa upande. Lakini mama mwenyeji wangu, fundi makochi ambaye akipiga nyundo jirani anafunga dirisha, kwangu alikuwa pamba tupu. Nikishika sahani, ananipokonya. Nikiinamia ufagio, anauwahi. "Acha, acha, wewe ni mgeni wetu." Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi jembe nililisubiri hadi nikachoka.

Nilikuwa nimekwenda kusomea utengenezaji wa miwani, na chuo ndicho kilichonitafutia familia hiyo. Baba aliendesha basi la mjini. Binti yao, rika langu, baba yake alimwita Redio, kwa sababu akishawaka hazimiki. Niliwapenda wote, na hapo ndipo penye tabu. Nilitaka kuwa mtu wa nyumbani, si mtu wa kukaribishwa kila asubuhi upya.

Likizo ilipofika tukaondoka kwenda kumwona Bibi, mama yake mama, safari ya kutwa nzima. Juu ya gari tulifunga kochi lake la miaka na miaka. Mama alikuwa amelifumua mpaka likabaki mbao, akabadilisha springi, akatia sponji mpya na kulivika kitambaa cha rangi ya maziwa. Bibi ndiye aliyemfundisha kushona, na mama alitaka sana kusifiwa. Hakusema, lakini tangu tulipoondoka alikuwa akitoa kichwa dirishani kila mara kutazama kama kochi bado lipo.

Baba aliendesha kama yuko kazini. Kila kona alitutangazia, "Shikeni vizuri," na kila alipoona kituo cha basi mguu wake ulitafuta breki.

"Baba, hakuna anayeshuka," Redio alimkumbusha.

"Mazoea yana taabu," baba akajibu, akaongeza mwendo kidogo.

Redio alikuwa akinifundisha ndugu zake. "Mjomba atakuuliza kama kwenu kuna baridi. Mwambie hapana. Akiuliza tena, mwambie hapana tena. Mama mdogo atasema umekonda. Bibi hacheki, kwa hiyo usingoje acheke."

"Na mimi mtanitambulishaje?"

"Si wewe ni mgeni wetu?"

Nikageuka kutazama mashamba.

Mchana kamba ya kochi ililegea ikaanza kupiga paa. Baba akasimama kituo cha mafuta, akalishusha kochi kivulini, akaenda dukani kutafuta kamba nyingine. Mama naye alikwenda chooni. "Lilinde hilo kochi," alimwambia Redio. Mimi akaniambia, "Wewe pumzika."

Basi nikapumzika. Nikapumzikia palepale juu ya kochi, kwa kuwa Redio alisema, "Kaa tu, mgeni hana kosa," akanipa chupa ya juisi ya zabibu. Nyuma yetu lori likapiga honi. Niliruka, na juisi nayo ikaruka, ila yenyewe ilitua kwenye mto wa kukalia. Doa la zambarau, upana wa sahani.

Redio alininyang'anya chupa kuokoa iliyobaki, na mama akamkuta nayo mkononi. Mvua iliyomnyeshea Redio siwezi kuisimulia yote. Nimekwambia mara ngapi! Kiti cha mama yangu! Mtu mzima mzima huna macho!

"Ni mimi, mama," nikasema. "Mimi ndiye niliyemwaga."

Nilipomwita mama, kama kawaida yake, aligeuka nyuma kidogo kutazama anaitwa mama wa nani. Kisha uso ukalainika, akanigusa bega.

"Haidhuru," akasema. "Wewe ni mgeni."

Afadhali angenizaba kofi.

Aliugeuza mto, doa likawa chini na upande safi ukawa juu, akatoa amri moja: Bibi asijue. Tukaondoka. Redio akazimika. Baba alimchungulia kwa kioo akauliza kama betri zimekwisha, asijibiwe. Tulikuwa tumeshakwenda mbali ndipo aliponinong'oneza, "Raha yako. Wewe unaharibu, mimi nagombezwa."

"Nakuonea wivu," nikamwambia.

Alinitazama kana kwamba nimerukwa na akili, akajivuta kwenye mlango wake.

Kwa Bibi tulikuta nyumba imejaa. Mjomba akaniuliza kuhusu baridi, akauliza tena. Mama mdogo akasema nimekonda. "Huyu ni mgeni wetu," mama aliwaambia, nikaketishwa sebuleni penye kimeza changu peke yangu, glasi moja, kitambaa kimoja cha kufutia mkono. Wengine wote walisongamana jikoni wakimenya viazi na kutaniana. Nilitamani kiazi kimoja tu nikimenye.

Kochi likaingizwa, na watu wakatoka jikoni kuja kuliona. Bibi alilizunguka bila kukaa, miwani imemshuka puani. Akapitisha kidole kwenye mishono, polepole, kutoka mkono mmoja wa kochi hadi wa pili.

"Imenyooka," akasema.

Mama alimeza mate kwa furaha. Lakini fundi humjua fundi mwenzake: Bibi aliunyanyua mto akaugeuza.

"Nani?"

"Ajali ya njiani, mama," mama akasema, sauti imekuwa ndogo.

Macho ya Bibi yakaenda moja kwa moja kwa Redio, kumbe sifa zake zilishafika huku. Redio akainamisha kichwa kungoja mvua ya pili. Ningeweza kunyamaza. Hakuna ambaye angenilaumu, na hilo ndilo lililonichosha.

"Ni mimi, Bibi. Nililikalia kabla yako, nikanywa juisi hapohapo."

"Mama, huyu ni mgeni," mama akawahi. "Haidhuru..."

"Mgeni tangu lini?"

"Miezi saba."

"Miezi saba mnamlisha, na hamjamwambia kwamba juisi na kitambaa cheupe havipatani? Mnaishi naye au mmemweka kabatini?" Akanigeukia. Akanipa zangu. Hakuacha kitu: mikono yangu, adabu yangu, hata masomo yangu yalipata fungu lake. "Unatengeneza macho ya watu, ya kwako umeyaacha wapi?"

Mama alijiziba uso. Mjomba alitazama dari. Mimi nilijikaza, nikashindwa, nikatabasamu mdomo wazi.

"Na anacheka!" Bibi akasema. "Beseni liko uani. Nendeni nyote wawili, na huo mto mwondoke nao."

Tulifungua zipu, tukaitoa sponji, tukaloweka foronya ndani ya povu. Redio aliwaka tena, akanisimulia jinsi nilivyogombezwa kana kwamba sikuwepo. Mama alitufuata akasimama kando, mikono nyuma, akitutazama. Kupitia dirishani nilimwona Bibi amekaa kwenye kochi lake bila mto, miguu juu ya kigoda, akimkatalia mjomba asilijaribu.

Nikaitoa foronya majini nikaanza kuisokota, kama tunavyokamua nguo nyumbani. Nilimwona mama anafungua mdomo, anaufunga. Anaufungua tena.

"Usisokote hivyo!" likamtoka. "Utakivuta kitambaa chote! Nimekwambia mara ngapi, kitambaa cha kochi hakisokotwi, kinabanwa kwa viganja!"

Hajawahi kuniambia hata mara moja.

"Samahani, mama," nikasema.

Hakugeuka nyuma kutazama.

"Na hiyo sabuni punguza," akasema, "si ya kwako."