Upawa wa Mama Mkwe

Baba yangu alimpikia mjane mmoja wa Kiingereza aliyekuwa na shamba la kahawa upande wa Rutshuru. Uasi wa 1964 ulipomtia hofu, yule mama alifungasha mizigo akamwachia baba sanduku la vijiko, uma na upawa wa supu, vyote vya fedha halisi, kila mpini umechorwa herufi G na H. Hatukuvilia hata siku moja. Baba aliviweka kwa ajili ya harusi za wajukuu, na kuvitazama tu kulimtosha.

Mwaka 2002 volkano ilitukimbiza kutoka Goma hadi Gisenyi, ng'ambo ya mpaka. Tuliporudi mtaani kwetu Mapendo, nyumba yetu lava haikuigusa. Watu ndio walioigusa. Sanduku halikuwepo, na baba akafa mwaka uleule akiliulizia. Tangu hapo mimi, Nshobole, nimekuwa mwanamke wa kugeuzageuza vijiko vya watu. Wanaotaka kunicheka na wacheke.

Uma mmoja niliukuta sokoni Birere katikati ya misumari. Kijiko kimoja nilikikuta mji wa Kiwanja, mama mmoja anakichotea chumvi. Huku kwetu fedha huwa nyeusi upesi kwa moshi wa mlima, na wauzaji huidhani bati bovu. Wajanja nao huniletea shaba iliyopakwa fedha. Hiyo naijua mgongoni, panaposuguana na meza, rangi ya njano huchungulia. Cha kweli nakigeuza nyuma ya mpini na kumtafuta simba mdogo anayetembea, mguu mmoja juu, muhuri wa Waingereza kwa fedha halisi. Binti yangu Aurélie alimjua simba huyo kabla hajajua kusoma. Tulikuwa tumerudisha karibu vyote, isipokuwa upawa.

Mwaka 2012 Adalbert, kijana wa mtaa wa Keshero mwenye kazi Bukavu, alimtolea Aurélie mahari. Waasi walikuwa wameingia Goma, wametoka, na hakuna aliyeamini kwamba wametoka kweli. Mimi nilitaka kitu kimoja tu: binti yangu avuke ziwa kwenda Bukavu kabla ya risasi nyingine.

Kwao Adalbert kuna desturi. Mama mkwe humkabidhi bibi harusi chombo kimoja cha jikoni mbele ya wanawake wa pande zote mbili. Tukaenda Keshero tumevaa vitenge vya sare. Mama Angèle, mzazi wa Adalbert, akafunua kitambaa. Ulikuwa upawa wetu.

"Hii kijiko ya supu ilikuwa ya mama yangu," alisema. "Alinipatiaka siku ya ndoa yangu. Minaisuguaka na muchanga ya volkano, unaona vile inangaa? Sasa ni ya Aurélie."

Ya mama yake! Mwongo hana haya.

"Leta niione, mama," nikasema.

Mchanga wa volkano tunasugulia masufuria, nayo hayalalamiki. Fedha ni laini, huliwa. Simba alikuwa amebaki mgongo tu. H ilikwisha kufutika, G ilionekana kwa anayejua pa kutazama. Ushahidi wangu wote ulikuwa umeliwa na usafi wa mwanamke yule.

Neno lilikuwa tayari ulimini. Lakini ukimwita mkwe mwizi, harusi imekufa. Nikalimeza, nalo lilikuwa chungu, nikampa Aurélie upawa.

Aurélie akaugeuza. Kidole gumba chake kikapita nyuma ya mpini, kikasimama. Akaniangalia. Alijua. Na hapo, Mungu anisamehe, nikatamani aseme yeye, liwalo na liwe, hata kama Bukavu tutaikosa.

Akapiga magoti mbele ya Mama Angèle.

"Aksanti sana, mama," alisema. "Mama yako alijuaka kuchagua vitu."

Wanawake wote wakanigeukia, wakisubiri vigelegele vya mama mzazi. Nikavipiga.